Oili ya giaboksi otomatiki: mara moja, mara mbili au mashine?

Waulize madereva wa Probox kwenye stendi ya Busia ni lini walibadilisha oili ya injini, watakutajia hadi tarehe. Uliza ya giaboksi, utaambiwa haijaguswa tangu gari litoke Mombasa. Na kazi ya huku haina huruma: abiria na magunia hadi Bumala, samaki na barafu kutoka Port Victoria na Osieko, au kujikokota kando ya foleni ya malori pale Malaba jua likiwaka. Oili ya giaboksi otomatiki huchoshwa zaidi na joto kuliko kilomita. Ikichoka, klachi za ndani huanza kuteleza, na kuteleza huzidisha joto. Giaboksi ikifa, safari ni ya kutafuta iliyotumika Japani, iwe Grogan Nairobi au soko la Kisekka Kampala, na bei yake hailingani kamwe na ya oili.

Kwa hiyo kubadilisha ni lazima. Swali ni ubadilishe kiasi gani, kwa njia ipi, na ulipie nini.

Anza kwa kupima

Kupima hakugharimu chochote. Kwa Toyota nyingi za zamani zenye kijiti cha kupimia, endesha gari hadi lipate moto sawasawa, liegeshe mahali tambarare na uache injini ikinguruma. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia zote polepole kisha urudi P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena na usome upande ulioandikwa HOT. Honda ni tofauti: injini huzimwa kwanza, kisha unapima mara moja.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu inayoonyesha mwanga bado ina uhai. Kahawia imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni dalili kwamba klachi zinaisha. Ikiwa ya waridi yenye weupe wa maziwa, maji ya radieta yameingia. Usiendeshe, mwite fundi.

Jua gari lako linataka oili gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Toyota za zamani hutaka Type T-IV, zilizofuata hutaka WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Mara nyingi jina limechongwa kwenye kijiti chenyewe. Nissan ina Matic zake, Honda ina DW-1. Probox otomatiki za kabla ya 2014 zina giaboksi ya gia nne. Tangu mwaka huo zikaja na CVT, yenye mkanda wa chuma na oili yake maalumu. Ukiitilia CVT oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki (ATF), mkanda huo utateleza na kujiharibu. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Probox otomatiki nyingi zinazoingia sasa ni za CVT. Mbili zilizoegeshwa pamoja stendi zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa oili.

Kopo lililoandikwa "ATF" tu, likidai kufaa magari yote, huwa rahisi kwa sababu halijakuahidi kitu. Soma nyuma: jina la oili yako lisipotajwa, liache dukani.

Hesabu yenyewe

Tuchukue giaboksi ya gia nne inayobeba jumla ya lita 7 hivi. Ukifungua nati ya sampu hutoka kama lita 3 tu; nyingine hubaki kwenye konveta na mabomba. Tuweke bei ya mfano: lita moja shilingi 1,000, ufundi 1,000 kwa kila awamu, na mashine 3,000. Weka bei za duka lako mahali pa hizi.

- Kumwaga na kujaza mara moja: lita 3, shilingi 4,000. Oili mpya ndani ni asilimia 43.
- Mara mbili, ukiendesha siku chache katikati: lita 6, shilingi 8,000. Mpya inafika asilimia 67.
- Mara tatu: lita 9, shilingi 12,000. Mpya ni asilimia 81.
- Mashine ya kusukuma oili yote: lita 12 hivi, shilingi 15,000. Karibu yote ni mpya.

Angalia awamu ya tatu: shilingi 4,000 zile zile zimekununulia asilimia 14 tu, kwa sababu sehemu kubwa unayomwaga ni oili uliyoitia majuzi. Mashine nayo hubadilisha oili bila kufungua sampu; chujio na sumaku hubaki na uchafu wao. Ukiwa na hela ya ziada, afadhali sampu ishushwe mara moja, chujio lisafishwe na gaskiti mpya itiwe. Vumbi la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida.

Upande gani wa mpaka?

Linganisha bei za Kenya na Uganda kwa lita, si kwa kopo, kwa sababu kuna makopo ya lita 4 na ya lita 5, kisha ubadilishe shilingi za Uganda kwa bei ya siku hiyo. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki, wa shehena isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Oili ya Japani au Dubai haimo. Pia, ikiwa ni bandia, utavuka tena kudai pesa zako. Kwa bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, tuma SM# na nambari ya kibali kwenda 20023 kabla ya kulipa.

Simama karibu na fundi

Oili inayotoka imwagwe kwenye mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia na kiwango kitiwe alama ya kalamu. Inayoingia iwe sawa na iliyotoka, kisha kijiti kithibitishe gari likiwa na moto. Kuzidisha kunaleta povu, na povu halibebi presha. Toyota za CVT nyingi hazina kijiti. Kiwango hupimwa kwa nati ya chini oili ikiwa kwenye joto maalumu. Fundi asiye na kifaa cha kusoma joto hilo, muage.

Chaguo letu

Gari ambalo halijawahi kubadilishwa lakini bado linaingiza gia vizuri: mara mbili, sampu ikishushwa awamu ya kwanza. Baada ya hapo, mara moja kila kilomita 40,000 kwa gari la kazi, sambamba na sevisi ya injini ili uokoe ufundi. Mashine ni ya mwenye historia kamili ya gari na haraka.

Likishaanza kuteleza na oili inanuka kuungua, usinunue hata lita moja. Oili mpya haioteshi klachi zilizokwisha, na giaboksi ikifa wiki ijayo utailaumu oili bure. Pesa hizo zianzie mfuko wa giaboksi nyingine.