Je, Ajali Haina Kinga? Mwendo wa Kasi na Permi katika Njia ya Tchomia

Mtu ashukaye kutoka Bunia kwenda Tchomia hupita Bogoro, kisha njia huteremka ukingo wa bonde kuu mpaka Kasenyi na nchi tambarare ya Ziwa Albert. Ziwa hilo liko chini ya mji wa Bunia kwa mita zaidi ya 600. Ni safari ya kilomita karibu 60. Kwa njia hiyo hupandishwa samaki wa wavuvi wetu, na kwa njia hiyo hushushwa unga, sabuni na dawa. Watoto huifuata waendapo shule, akina mama huipita na mizigo kichwani. Na katika njia hiyo hiyo madereva hukaza mwendo, maana samaki mbichi hamngojei mtu. Tena miaka ya vita imewazoeza wengi kupita mbio kwa hofu ya wenye silaha.

Ajali itokeapo, twasikia watu wakisema: ajali haina kinga. Neno hilo lafaa kuwatuliza waliofiwa. Lakini dereva akilitwaa kuwa ngao yake, analitumia vibaya. Na tupige hesabu, ninyi wanafunzi mtusaidie. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja. Iendayo 80 hupita mita 22. Mtoto akitokea ghafla, dereva hutumia kama sekunde moja kuona na kuanza kukanyaga breki, na muda huo wote chombo chazidi kwenda. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ihitajiwayo na breki ili chombo kisimame huongezeka mara nne. Na faida yake ni nini? Kutoka Tchomia mpaka Bunia, aendaye 60 humtangulia aendaye 40 kwa nusu saa tu. Je, nusu saa ni bei ya mtoto wa jirani?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu karibu 1,190,000 kila mwaka, na kwamba hakuna jambo liualo watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko hizo. Ndio umri wa wana wetu walio darasani, na wa vijana wengi wapandao pikipiki za abiria.

Kanisa halikunyamaza. Katekisimu, katika namba 2290, yafundisha kwamba mtu ahatarishaye maisha yake au ya wenzake kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi, barabarani, majini au angani, ana hatia kubwa. Angalieni neno majini: lawahusu pia wenye mitumbwi ya mota hapa Tchomia. Na mwezi wa Juni 2007 Roma ilitoa maongozi juu ya uchungaji wa barabarani, yenye amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ile ile ya Mlima Sinai, ya kutoua. Basi mwendo wa kichaa ni jambo la kuungama, si la kujisifia mbele ya rafiki.

Sasa tuitazame sheria ya nchi. Kongo ina sheria ya barabarani ya tarehe 30 Agosti 1978. Yamtaka kila aendeshaye chombo cha mota awe na permi, na permi yenyewe ina daraja zake: A ni ya pikipiki, B ya motokaa ndogo, C ya malori, D ya mabasi, na E ya vyombo vyenye trela. Kwa hiyo mwenye permi ya pikipiki tu akishika usukani wa lori la samaki, ni sawa na asiye na permi. Tena tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, bima ya kuwalipa watu watakaodhurika ni ya lazima. Karatasi hizi si njama ya kuwasumbua maskini. Permi yashuhudia kwamba mtu amejifunza na amepimwa. Bima yamwangalia mjane na yatima.

Hebu tuchukue mfano. Kijana mmoja amepita sokoni kwa mbio, na polisi wa barabara wanamsimamisha. Afanyeje? Kwanza asimame, kukimbia ni kuongeza kosa juu ya kosa. Pili, asalimu kwa heshima na kuonyesha permi na karatasi za chombo. Tatu, aulize kwa upole ni kosa gani, na aombe liandikwe. Nne, ajue kwamba sheria ya mwenendo wa kesi ya tarehe 6 Agosti 1959 yamruhusu ofisa wa upelelezi, kwa kosa lipasalo faini tu, kumtaka mkosaji alipe fedha katika hazina ya serikali, na kesi huishia hapo, isipokuwa mwendesha mashtaka akiamua kuiendeleza. Basi alipapo, apewe hati ya malipo. Akiona ameonewa, asipige kelele njiani, ila aipeleke shauri yake mbele ya mahakama.

Hapo ndipo jaribu linapokuja. Noti moja iliyokunjwa hupita kutoka mkono hata mkono, na jambo limekwisha. Wote wawili hufurahi, lakini hazina ya nchi imeibiwa, na yule kijana amejifunza kwamba kasi ina bei nafuu. Kesho atakwenda mbio zaidi. Twajua pia kuna wanaotoza watu wasio na kosa. Hao wakumbuke askari waliomwendea Yohane Mbatizaji: aliwaambia wasimdhulumu mtu, na waridhike na mshahara wao. Na dereva mwenye kosa amkumbuke Zakayo, aliyerudisha mara nne.

Neno moja tena kwa wale wavukao ziwa kwenda kufanya biashara Uganda. Kwetu vyombo hupita upande wa kuume. Kule hupita upande wa kushoto. Atokaye mtumbwini na kushika pikipiki asiache mazoea yamwongoze. Aulize kwanza sheria za huko na kama permi yake yakubaliwa, maana mgeni hasamehewi kwa kutojua.

Wazazi, msimpe mwana pikipiki kabla ya kumpatia mafunzo na permi. Wenye malori, msimwekee dereva saa ya kufika isiyowezekana bila mbio, maana dhambi yake itakuwa na yenu ndani yake. Nanyi abiria, mna kinywa: mwambieni dereva apunguze. Tukifanya hivyo, ajali itakuwa imepata kinga kiasi cha nguvu zetu, na yale yaliyobaki tutayaweka kwa haki mikononi mwa Mungu.