Fahamu: Namba tasa yenye tarakimu milioni 41

Ukipita Chalinze, pale barabara ya Segera inapoachana na ya Morogoro, utakuta mananasi yamepangwa mezani. Yakiwa 12, muuzaji atayagawa mafungu ya matatu, ya manne au ya sita. Yakiwa 13, mafungu sawa hayatoki: ama yote pamoja, ama moja moja. Hiyo ndiyo namba tasa, hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. (Jina kali kidogo, maana tasa ni asiyezaa.)

Tarehe 21 Oktoba 2024 mradi wa GIMPS wa kusaka namba tasa ulitangaza namba tasa iliyovunja rekodi ya ukubwa ya 2018. Mgunduzi ni Mmarekani Luke Durant. Chukua 2 zenye idadi ya 136,279,841, zizidishe zote, kisha toa 1. Jibu lina tarakimu 41,024,320. Ukitaja moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya siku 474 na ushei.

Namba za umbo hili huitwa za Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Ili jibu liwe tasa, kipeo, yaani idadi ya hizo 2, lazima kiwe tasa, ila hilo halitoshi: 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2,047, yaani 23 mara 89. Mtego huo ndio unaozitoa kompyuta jasho.

Namba kubwa hivi inasaidia nini? Kwa sasa, si kingi. Usimbaji unaolinda miamala ya benki huridhika na namba tasa za tarakimu mamia tu. Ukitaka kuwinda inayofuata, programu ya GIMPS hupakuliwa bure.