Samaki wa Madimbwi ya Kilombero

Ubaoni mwalimu wenu ameandika maneno matatu: dimbwi, tope, yai. Yasomeni kwa sauti. Somo letu la leo limo ndani ya maneno hayo.

Katika nchi nyingi wako watu wafugao samaki nyumbani katika tangi la kioo, si kwa kuwala bali kwa kuwatazama. Wengine hufuga samaki wa miamba ya bahari. Kazi hiyo ina gharama, maana yataka maji ya chumvi, taa na mitambo. Lakini wako wafugaji huko Ulaya na Marekani ambao hupenda zaidi samaki wa maji ya mvua, na mmoja wa samaki hao ametoka huku kwetu, katika madimbwi ya bonde la Kilombero. Mwaka 2002 wataalamu walimpa jina la Nothobranchius kilomberoensis, yaani wa Kilombero. Ndugu yake wa Unguja alikwisha kupewa jina tangu mwaka 1893.

Samaki huyu ni mdogo, hazidi urefu wa kidole. Dume ana rangi nzuri za buluu na nyekundu. Jike ana rangi hafifu ya kijivu.

Je, anaishije? Mvua zikinyesha, dimbwi lililokuwa kavu hujaa, na baada ya muda mfupi mna samaki ndani yake. Pengine umepata kusikia mtu akisema, "Samaki hawa wameshuka na mvua." Sivyo. Walikuwamo humo humo topeni, wakiwa mayai. Wakianguliwa hukua upesi sana, na baada ya majuma machache huanza kutaga na kuzika mayai yao topeni. Kiangazi kikija, dimbwi hukauka na samaki wote hufa. Hawafanyi kama kamongo, ambaye hujichimbia topeni na kungoja maji. Hubaki mayai tu, yamelala ndani ya udongo kwa miezi mingi.

Tena, mvua ya kwanza haiangui mayai yote. Mengine huendelea kulala. Kwa nini? Kwa sababu mvua hiyo yaweza kukatika, na dimbwi likakauka kabla samaki hawajataga. Mkulima wa mpunga hapa Ifakara analielewa jambo hili. Hamwagi mbegu zake zote kwa mvua moja, huweka akiba.

Sasa tutazame namna ya kumfuga.

Kwanza, chombo. Tangi la lita 20 latosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Madume wawili katika nafasi ndogo hupigana.

Pili, maji. Badilisha robo ya maji kila juma. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yaache kwanza wazi siku nzima.

Tatu, chakula. Samaki huyu hupenda chakula kilicho hai, kama viluwiluwi vya mbu. Mpe vile awezavyo kuvimaliza upesi, visije vikageuka mbu nyumbani mwako.

Nne, kifuniko. Samaki hawa huruka. Mimi mwenyewe usiku mmoja nilisahau kufunika tangi. Asubuhi nilimkuta dume wangu sakafuni, amekauka.

Tano, na hili ndilo kubwa, tope. Wafugaji huweka chini ya tangi udongo laini wa majani yaliyooza. Samaki hutaga humo. Kila baada ya juma moja au mawili mfugaji huutoa udongo, huukamua, huuweka mfukoni ungali na unyevu kidogo, na kuandika tarehe. Hungoja miezi kadhaa, kisha huumwagia maji, na vifaranga hutoka. Asiyetunza tope hana samaki mwaka ujao, maana wazazi hawakai sana.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo somo linapotuhusu hata sisi tusio na matangi. Wakati wa kiangazi dimbwi huonekana halina kitu. Mtu hulifukia, au humwaga humo mabaki ya dawa ya kuulia wadudu. Mwingine hulichimba liwe bwawa la kudumu na kutia kambale, ambao huwala wadogo. Anadhani ameharibu tope tu, kumbe ameua samaki wa mwaka ujao na wa miaka ya mbele.

Mwaka ule ule wa 2002 bonde letu liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Hiyo ni heshima kubwa, lakini orodha haiwezi kusimama kando ya kila kidimbwi. Mwenye shamba ndiye asimamaye hapo. Akikiacha kidimbwi, samaki hawa humlia viluwiluwi vya mbu. Hawawezi kumaliza malaria, na chandarua bado ni lazima. Hata hivyo, msaada mdogo si wa kutupwa.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini samaki hawa hawaonekani wakati wa kiangazi?
2. Mayai yasiyoanguliwa kwa mvua ya kwanza yana faida gani?
3. Kwa nini tangi lifunikwe?
4. Taja mambo mawili yanayoua mayai topeni.

Kazi ya nyumbani: tafuta dimbwi moja lililo karibu nawe. Andika sentensi tatu juu yake, kisha zisome darasani.

Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.