Sabuni Ipi kwa Uchafu Upi?

Tazama karibu na beseni lako la kuoshea vyombo. Kuna nini? Huenda kuna kipande cha sabuni ya mche. Huenda kuna pakiti ya sabuni ya unga iliyokatwa pembe, na majivu ndani ya kopo. Labda pia kuna chupa ya sabuni ya maji uliyonunua gulioni, na chupa ya dawa ya madoa.

Vitu hivi vyote twaviita vitu vya usafi. Lakini havifanyi kazi moja. Kimoja huondoa mafuta. Kingine hukwangua masizi. Kingine huua vijidudu, lakini hakiondoi uchafu. Tena vingine ukivichanganya hutoa hewa ya sumu.

Fedha za ufuta na korosho zinapoingia, maduka ya Nachingwea na Ruangwa hujaa chupa za kila rangi. Muuzaji atakuambia yake ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Usimwulize ina nguvu gani. Mwulize inaondoa uchafu gani.

Sabuni hufanyaje kazi?

Fanya jaribio hili. Paka mafuta ya kula mkononi, kisha mimina maji. Maji yatateleza na mafuta yatabaki. Sasa paka sabuni, usugue, umimine maji tena. Mafuta yatatoka. Maji na mafuta havipatani. Sabuni huyashika mafuta kwa upande mmoja na kuyashika maji kwa upande wa pili. Basi maji yakiondoka, mafuta nayo huondoka, pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonasa humo.

Jambo la ajabu ni kwamba sabuni yenyewe hutengenezwa kwa mafuta. Mafuta ya nazi, ya mawese au ya wanyama huchanganywa na magadi makali yaitwayo kostiki soda. Vikikorogwa na kukaa, vinakuwa sabuni.

Watu wa Nachingwea wana sababu ya kulikumbuka jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta. Sabuni iligawiwa huko kwa kipimo tangu mwaka 1942 hadi mwaka 1950. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alitoa wazo la kulima karanga nyingi katika Tanganyika ili kupata mafuta. Kampuni hiyo ilikuwa tawi la Unilever, watengenezaji wa siagi ya mimea na sabuni. Nachingwea ikachaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Mapori yakafyekwa kwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka pwani. Karanga hazikutoka kama walivyotumaini. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Kwa hiyo upungufu wa mafuta na sabuni wa nchi ya mbali ni sehemu ya historia ya mji huu.

Sabuni ya mche

Kwa kuoga, kunawa, na kufua nguo nyingi, sabuni ya mche yatosha. Ukiinunua, ibonyeze kwa kidole. Kama ni laini sana, ina maji mengi, nawe umelipia maji. Ikate vipande, uvipange kivulini penye upepo kwa wiki mbili au tatu. Kipande kikavu hudumu kuliko kibichi. Na usikiache ndani ya beseni lenye maji. Nimeona nyumba nyingi ambamo nusu ya sabuni huliwa na beseni, si nguo.

Vikundi vingine hutengeneza sabuni vijijini. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, limefundisha watu kazi hiyo. Sabuni ya kikundi chenu yaweza kuwa nzuri sana. Lakini ikiwasha mikono na kuacha ngozi inabanduka, magadi yamezidi, au sabuni haijakaa siku za kutosha. Hiyo usimwogeshee mtoto. Irudishe, uwaeleze. Watengenezaji wazuri hupenda kuelezwa.

Je, ni lazima kununua sabuni iliyoandikwa kwamba huua vijidudu? Kwa kunawa nyumbani, hapana. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilipiga marufuku dawa 19 zilizokuwa zikitiwa katika sabuni za namna hiyo. Sababu yake ni kwamba watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zilikuwa bora kuliko sabuni ya kawaida na maji. Kunawa vizuri kwa sabuni ya kawaida, baada ya choo na kabla ya kula, kunazuia kuhara.

Povu na uzito visikudanganye

Sabuni ya maji siku hizi hutengenezwa mahali pengi na kuuzwa katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa. Mnunuzi huitikisa chupa. Akiona nzito kama asali, hufurahi. Lakini uzito huo mara nyingi huletwa na chumvi ya kawaida. Mtengenezaji hutia chumvi kidogo kidogo, na sabuni huzidi kuwa nzito. Rangi na harufu nazo hazisafishi kitu.

Njia ya kuipima ni hii. Chukua sahani mbili zilizopakwa mafuta sawa. Osha moja kwa kijiko kimoja cha sabuni ngeni. Osha ya pili kwa kijiko kimoja cha sabuni uliyoizoea. Suuza, kisha pitisha kidole. Kidole kitakuambia ukweli kuliko muuzaji.

Povu nalo lina hila yake. Kama maji ya kisima chenu ni magumu, yaani yana madini mengi, sabuni ya mche haitoi povu. Badala yake huacha utando mweupe kama maziwa yaliyokatika. Usidhani sabuni ni mbovu. Maji ndiyo yanayoila. Hapo sabuni ya unga hufanya kazi vizuri zaidi. Na wakati wa masika kinga maji ya mvua kwa kufulia. Maji ya mvua ni laini, sabuni kidogo hutosha.

Sabuni ya unga twainunua kwa pakiti ndogo kwa sababu fedha mkononi ni kidogo. Hebu tupige hesabu kwa mfano. Tuseme pakiti ya gramu 20 ni shilingi 100, na pakiti ya gramu 500 ni shilingi 2,000. Ili upate gramu 500 kwa pakiti ndogo, utanunua pakiti 25. Hizo ni shilingi 2,500. Umepoteza shilingi 500. Bei za dukani kwenu ni nyingine, lakini hesabu ni ileile. Soma gramu kwenye pakiti, si ukubwa wa picha. Majirani watatu mwaweza kununua pakiti moja kubwa na kugawana.

Madoa ya mabibo

Mwezi wa mabibo kila mtoto ana doa kifuani. Maji ya bibo yakikauka katika nguo huwa meusi, na doa hilo ni sugu kweli. Usingoje siku ya kufua. Ivue nguo mara hiyo, uisuuze kwa maji mengi yasiyo moto. Doa likishakaa siku tatu, kwenye nguo ya rangi sijui dawa ya kulitoa isiyoharibu nguo yenyewe. Watoto na wawe na nguo moja ya mabibo. Hiyo ndiyo dawa ya bei nafuu.

Masizi na majivu

Kwa sufuria iliyotoka kwenye kuni, majivu hayajapata mshindani. Yachekeche ili kuondoa mkaa na vijiwe. Chovya dodoki lililoloa, usugue. Majivu yana magadi ndani yake, ndiyo maana hukata mafuta pia. Lakini sufuria za alumini usiziache zimelala katika majivu mabichi usiku kucha. Zitakuwa na weusi. Weusi huo huondoka ukichemsha humo maji yenye limau au ukwaju.

Sakafu ya udongo haihitaji dawa ya dukani. Inyunyizie maji, uifagie, na uisiribe inapopasuka. Sakafu ya saruji yatosheka kwa maji na sabuni. Ile dawa kali ya kusafishia choo cha marumaru ina tindikali. Ukiimwaga kwenye saruji itaila. Mwenye choo cha shimo hana sababu ya kuinunua. Slabu asugue kwa sabuni na ufagio, na shimo alitie majivu ili kupunguza harufu.

Dawa ya klorini

Sasa tufike kwenye chupa ambayo wengi huiita Jik, hata kama imeandikwa jina jingine. Ndani yake mna klorini. Watu huinunua kung'arisha nguo nyeupe. Yafaa kwa pamba nyeupe tu. Nguo ya rangi itachujuka, na khanga yako haitarudi ilivyokuwa.

Kazi yake kubwa ni kuua vijidudu. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kuhara na kutapika, nawe wahofia kipindupindu, sabuni peke yake haitoshi pale alipochafua. Soma chupa. Chupa nyingi zimeandikwa asilimia 3.5. Kwa dawa ya nguvu hiyo, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji ya baridi. Ondoa kwanza uchafu unaoonekana, kwa maana uchafu huimaliza nguvu ya klorini kabla haijavifikia vijidudu. Kisha mwagia mchanganyiko huo, uache dakika 10, halafu suuza. Vaa glavu, au funga mifuko ya plastiki mikononi. Nguo za mgonjwa zaweza kuchemshwa. Naye mgonjwa apelekwe zahanati mara moja. Usafi wa nyumba hauwezi kumtibu.

Changanya kiasi cha siku hiyo tu. Kesho yake mchanganyiko umepungua nguvu. Chupa yenyewe iweke kivulini, kwani jua na joto huiharibu. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka miezi mingi yaweza kuwa kama maji. Na maji ya kunywa yana dawa yake yenye maelezo ya kipimo. Usitie Jik kwa kukisia.

Visivyochanganywa

Watu hufikiri dawa mbili pamoja zina nguvu mara mbili. Klorini haipendi wenzake. Ukiichanganya na dawa ya choo yenye tindikali, au na siki, au na limau, hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Hata mkojo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo usimwage klorini katika shimo la choo au kwenye ndoo ya mkojo, hasa chumba kikiwa hakina dirisha. Ukisikia harufu kali inayokaba koo, toka nje. Usibaki kumalizia kazi. Fungua mlango, ungoje hewa itoke.

Chupa ya soda

Nimeacha jambo hili mwisho ili usilisahau. Sabuni ya maji, klorini na mafuta ya taa mara nyingi hupimwa kwa rejareja katika chupa ya soda au ya maji. Mtu mzima anajua ndani mna nini. Mtoto wa miaka miwili hajui. Yeye anaijua chupa ya soda kuwa ni ya soda. Akirudi na kiu kutoka kucheza, ataifungua na kunywa.

Nenda sasa utazame chini ya meza na nyuma ya mlango. Kama kuna chupa ya namna hiyo, itie alama. Wewe unajua kuandika. Andika SUMU kwa wino usiofutika, pamoja na jina la kitu kilichomo. Lakini mtoto mdogo hasomi. Kwa hiyo ining'inize juu au iweke mahali asipofika, hata akipanda kiti.

Kama mtoto amekwisha kunywa, usimtapishe. Usimtie kidole kooni, wala usimlazimishe kunywa maziwa mengi au mafuta ili atapike. Dawa iliyochoma koo ikishuka itachoma tena ikipanda. Mafuta ya taa yakitapikwa huingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Msukutue kinywa kwa maji na ufute midomo yake. Mvue nguo zilizoloa. Mpeleke zahanati upesi, na uichukue ile chupa pamoja naye, hata kama imebaki tupu, ili mganga aone alichokunywa.