GUNIA NA LEBO YAKE: AINA JENERIKI KATIKA KOMPYUTA

Wako wenzetu wanaoamini kwamba kompyuta ni ya watu wa Kiingereza na hesabu, na sisi wa Chama cha Kiswahili tubaki na ngeli zetu. Mimi nasoma masomo yote mawili, na nasema hivi: anayejua ngeli ameshaelewa nusu ya jambo linalowatoa jasho hata waandishi wa programu. Jambo hilo ni aina jeneriki.

Hebu tuanze sokoni, hapa Emali ambapo barabara ya Loitokitok inaachana na ile ya Mombasa. Gunia hutiwa ndengu, kunde, mbaazi au mahindi. Hakuna kiwanda kinachoshona gunia la ndengu tu na jingine la kunde tu. Gunia ni lile lile, kilichomo ndicho tofauti.

Programu nazo zina magunia yake, kwa mfano orodha. Zinapojengwa kwa vitu, kila kitu huwa na aina yake: Mwanafunzi, Kitabu, Malipo. Sasa, ukitaka orodha ya wanafunzi na nyingine ya vitabu, utafanyaje?

Njia ya kwanza ni kuandika kila orodha peke yake. Hiyo ni kazi moja kuifanya mara kumi, na kosa moja kulisahihisha mara kumi.

Njia ya pili ni orodha moja inayopokea chochote. Waandishi wa lugha ya Java walifanya hivyo kabla ya mwaka wa 2004. Lakini hilo ni gunia lisilo na lebo! Mtu akichanganya kunde katika mbegu zako za ndengu, hutajua mpaka zimeota shambani, na mvua ya vuli haikungoji urudie. Programu nayo hukwama ikiwa kazini, mzazi amesimama dirishani akingoja risiti ya karo.

Njia ya tatu ndiyo jeneriki. Java ilianza kuitumia mwaka wa 2004, na C# ikafuata mwaka wa 2005. Mwandishi huandika mara moja tu: Orodha<T>. Herufi T ni pengo. Anayeitumia hulijaza: Orodha<Mwanafunzi>. Hiyo ndiyo lebo. Ukijaribu kutia Kitabu humo, kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri maandishi yako kabla hayajaanza kazi, hukataa kabisa.

Sasa fungua kamusi utafute "-zuri". Unakiona kile kistari? Kistari ndicho T yetu! Neno limeandikwa mara moja, nalo latosha kwa kiti kizuri, mti mzuri na jiwe zuri. Lakini ukishachagua kiti umefungwa: kiti kile kizuri kimevunjika. Ukiandika "kiti ule mzuri umevunjika", mwalimu hangoji KCSE. Kalamu nyekundu papo hapo! Mwalimu ndiye kompaila.

Wakati mwingine pengo huwekewa sharti. Mizani ya sokoni hupima kitu chochote, mradi kiwe na uzito. Huwezi kupima wimbo. Vivyo hivyo mwandishi aweza kusema: T yoyote, mradi iwe na uzito.

Hata hivyo tusijidanganye. Lebo yasema ndani mna ndengu, haisemi kama zimeliwa na wadudu. Kompaila hukagua aina tu; kama hesabu yako yenyewe ni mbovu, hiyo ni juu yako.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Faida ya jeneriki ni hiyo: ufa huonekana ukiwa bado mwembamba, mezani pa mwandishi, si dirishani pa karo. Kwa hivyo, ndugu wanachama, msiiogope kompyuta. Anayetofautisha KI-VI na U-I tayari amezoea kufikiri kwa aina.

Mwanachama, Kidato cha Tatu