Fahamu: Ukipekuliwa ferini Likoni, haki yako inaishia wapi?

Mama wa Mji wa Kale, Mombasa, anayevuka kwenda Likoni hufungua mkoba kabla ya kupanda feri. Wengi hatulalamiki, maana machungu tumeyaonja: Mei 2014 guruneti lililipuliwa kwenye kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, watu wakafa.

Lakini hofu haifuti sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakulinda usipekuliwe mwili, nyumba wala mali. Haki hiyo yaweza kupunguzwa, ila kwa sheria, na kwa kiasi kinachostahili. Ndivyo kisemavyo kifungu cha 24.

Kuchungulia mkoba ukitafuta silaha ni jambo moja. Kumwamuru kijana afungue simu ili ujumbe wake usomwe ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kifungu hichohicho cha 31 kinalinda mawasiliano. Naliona hili ndilo zito zaidi, kwani simu imebeba siri za nyumba nzima.

Na mwanamke aliyevaa buibui, apekuliwe na nani? Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai iko wazi: mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Asipokuwepo askari wa kike, mama ana haki ya kudai aitwe.