Kuzipatia Baridi Nyumba Zetu za Kale

Katika mitaa ya Kariakoo na jirani zake, Gerezani na Ilala, zimesalia bado nyumba za zamani katikati ya maghorofa. Wakristo wenzetu wengine hukaa ndani yake kwa urithi wa baba zao, wengine wamepanga chumba kimoja tu. Na katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi, kilio chao ni kimoja: nyumba ni tanuru, watoto hawalali, na mwalimu hawezi kusahihisha madaftari usiku. Mwenye fedha hununua kiyoyozi, kisha LUKU humla. Asiye na fedha hufikiri kuiuza nyumba. Sisi twaona iko njia ya tatu, nayo ni kuirudishia nyumba hekima ya yule aliyeijenga.

Maana wazee wa Kariakoo walilijua jua. Jina la mtaa huu latoka katika Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita watu wakapata viwanja, wakajenga nyumba za namna ya pwani: baraza mbele, ukumbi katikati toka mlango wa mbele hata wa nyuma, vyumba huku na huku, na ua wenye jiko. Kuta zilikuwa za miti na udongo, zikapakwa chokaa, na paa la makuti. Baraza iliukinga ukuta na jua. Ukumbi uliupitisha upepo. Jiko la uani liliuweka moto mbali na wanaolala. Wamisionari nao walijifunza. Atazamaye kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898, ataona vipaa vidogo vya vigae juu ya madirisha, vya kutilia kivuli. Hata soko kuu la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege ili upepo upite pasipo mashine, miaka mingi kabla ya moto wa Julai 2021.

Mambo yaliharibikaje? Makuti yaliondoka, bati likaja. Bati ni jema kwa mvua na kwa usalama wa moto, wala hatumshauri mtu ye yote kurudia makuti mjini. Lakini bati tupu lisilo na dari hulishusha joto lote utosini. Kisha tukaziba. Baraza imekuwa duka, ukumbi umejaa magunia, ua umejengwa vyumba vya kupangisha. Hatulaumu, maana kodi ya duka ndiyo karo ya watoto. Twaomba tu ukumbi uachwe wazi toka mlango hata mlango, upepo upate njia.

Basi aanzaye na aanze na paa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo paa hupokea joto kuliko ukuta wo wote. Kutu ikwanguliwe, matundu yazibwe, kisha bati lipakwe rangi nyeupe: weupe huirudisha nuru ya jua, weusi huinywa. Chini yake iwekwe dari, hata ya mbao nyembamba. Walakini juu ukutani, karibu na kilele cha paa, yaachwe matundu pande mbili, yenye wavu wa kuzuia popo na panya, ili hewa ya moto itoke. Mafundi wengi huyasahau matundu haya, na joto hubaki limefungwa juu ya vichwa vya watu mpaka usiku wa manane.

Kuta za udongo zisipakwe saruji kali. Saruji huufungia unyevu ndani, udongo hulegea, na plasta hubanduka vipande vipande. Bali udongo na chokaa hupatana. Wala usivunjwe ukuta kwa kupanua sebule kabla ya kumwuliza mtu aliyesomea kazi hiyo. Hatujaisahau tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu wengi wakafa.

Madirisha ya alumini ya kusukuma yapendeza macho, lakini hufunguka nusu tu. Dirisha la zamani la vipande vya mbao au vioo vilivyolala huingiza upepo karibu wote. Mwenye nalo asiling'oe, alitie wavu wa mbu.

Sasa tuhesabu. Feni ya wati 75 ikizunguka saa 8 za usiku hula uniti 18 kwa mwezi. Kiyoyozi cha wati 1,000 kikifanya kazi saa hizo hizo bila kupumzika hula uniti 240. Najua mtu atasema kiyoyozi hupumzika. Naam, hupumzika chumba kikiwa kimepoa, lakini chini ya bati tupu hupoa lini? Tena katika nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja, kiyoyozi cha mmoja huwa ugomvi wa wote. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 3, twasoma ya kuwa wengine waliutengeneza ukuta wa mji mbele ya nyumba zao wenyewe. Wapangaji nao wakichanga fedha za dari moja, kila mtu juu ya kitanda chake, watapatana na mwenye nyumba upesi zaidi.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe, hata siku ya mvua, kwa kuwa hewa yake huua watu usingizini. Serikali ilitangaza mwaka 2024 shabaha ya asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Anayengojea mtungi wa gesi na aloweke maharagwe usiku kucha, atapunguza mkaa tangu leo.

Wakati wa kazi ya paa ni Juni hata Septemba, masika yakiisha kukatika na vuli haijaja. Rangi ipakwe asubuhi na mapema. Ikifika saa tano bati limekwisha kuwaka, rangi hukauka kabla haijashika, na fundi mwenyewe hawezi kulikanyaga.